WAACHENI MADOGO WAFUNGWE! Aibu ya Kikapu cha Chuo ni Mamluki, Sio Kipigo

Wadau, ile klipu mmeiona. Hata wasiofuatilia kikapu wameiona. Dogo mrefu, mwembamba kama mlingoti wa bendera, kasimama kwenye mstari wa mitupo ya adhabu. Zimebaki sekunde chache, timu yake iko nyuma kwa pointi moja, ana mitupo miwili mkononi. Wa kwanza mpira haugusi hata ringi. Wa pili unagonga ubao na kurudi uwanjani. Mechi imeisha. Dogo anavuta jezi na kujifunika uso.

Klipu yenyewe haifiki hata nusu dakika. Ndani ya siku mbili ikawa stika ya WhatsApp. Ukurasa mmoja wa vichekesho ukaiwekea wimbo wa msibani. Halafu staa mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye mwenyewe akiimba laivu bila pleibeki watu wanaangaliana, akaiweka kwenye stori yake na maneno matatu tu: "Urefu wa hasara."

Basi. Kesho yake dogo hakuonekana darasani. Mazoezini hakuonekana. Wiki nzima simu yake ikawa haipatikani, mpaka wenzake wa hosteli wakaanza kumpigia mama yake mkoani, na mama naye akawa anauliza, "Kwani amefanya nini huko wanangu, mbona kuna mtu kanitumia picha yake watu wanacheka?"

Sasa hapo ndo pa kuanzia. Mama wa mtu, mkoani, katumiwa stika ya mwanaye.

KILICHOTOKEA KABLA YA KLIPU

Ile timu ni ya chuo kimoja hapa hapa Dar. Mwaka jana ilikuwa moto. Watu walikuwa wa mwaka wa tatu, wamekaa pamoja tangu mwaka wa kwanza, mmoja anampa mwenzake pasi bila hata kumwangalia. Wakahitimu kwa mkupuo. Wengine wakapata kazi, wengine wakarudi makwao, wengine wakasajiliwa na timu kubwa za ligi ya mkoa. Kocha akabaki na wawili wa mwaka wa pili, tena waliokuwa wa benchi, na kundi la madogo wa mwaka wa kwanza waliotoka kidato cha sita juzi tu.

Hao madogo kwenye UMISSETA walikuwa wafalme. Kule ukiwa mrefu na unaruka, shughuli imeisha. Shule nzima inakuimbia, mwalimu wa michezo anakuita "profesa". Unakuja chuo unajua mambo ni yale yale.

Thubutu! Huku unakutana na baba wa watoto wawili ambaye kakulia kwenye timu za majeshi. Hakimbii sana, haruki sana, lakini akikuwekea kiuno unajikuta umekaa na mashabiki. Anajua refa yupi anaona mkono na yupi anaona mguu. Anajua ukichoka unaanza kushika kaptula, na hapo ndo anapitia. Dogo wa miaka 19 mambo hayo atayajulia wapi? Hayafundishwi kwenye video za danki.

Mechi ya kwanza wakapigwa gepu la pointi zaidi ya 40. Mpira ulikuwa unawachoma mkono. Kila mtu anataka kuwa shujaa, kila mtu anarusha kutoka mbali, hakuna anayerudi kukaba. Dogo mmoja alipiga pasi kwa mtu ambaye alikuwa ameshakaa benchi.

Lakini msikilizeni yeyote aliyekwenda mechi zote, sio aliyeangalia stori. Mechi ya pili gepu likapungua. Ya tatu wakaongoza robo ya kwanza, wakakata pumzi ya tatu. Ya nne wakaanza kuongea uwanjani, "Kushoto! Badilisha! Rudi!", kitu ambacho mwanzoni walikuwa wanakiona ushamba. Ya tano walikuwa wanaongoza mpaka mapumziko. Ya sita ndo hiyo ya klipu. Walifungwa kwa pointi moja, na waliowafunga ni watu wazima waliokuwa wanahema kama wamepanda Kilimanjaro.

Kutoka gepu la 40 mpaka pointi moja, ndani ya mechi sita. Hiyo hakuna aliyeiposti. Kukua hakuna klipu. Kunachukua miezi, na kwa mtu wa mbali hakuchekeshi.

Na yule dogo wa mitupo miwili? Ndiye aliyewafikisha hapo. Robo ya mwisho alidaka ribaundi karibu kila mpira uliogonga ubao, akawazuia vikapu viwili vya wazi kabisa, na hizo adhabu zenyewe alizipata kwa sababu alithubutu kupanda katikati ya wanaume watatu. Waoga hawakosi mitupo ya adhabu ya mwisho, kwa sababu waoga hawafiki pale kwenye mstari.

SASA MAMLUKI WANAKUJA

Kuchekwa kunauma, ila kuna baya zaidi. Habari za chini ya kapeti zinasema kiongozi mmoja wa michezo pale chuoni, baada ya kuona jina la chuo linazunguka mitandaoni kwa kejeli, kaamua kulisafisha kwa njia ya mkato. Kuna majamaa wanne wa kitaa, wazoefu, wenye miili yao, wanaandaliwa vitambulisho vya uanafunzi. Wataandikishwa kwenye kozi fulani ya cheti ambayo hata wao hawajui inahusu nini. Darasani hawataingia hata kuchungulia. Watakuja siku ya mechi, watavaa jezi, watashinda, watapewa chao, wataondoka.

Na madogo? "Kaeni benchi mjifunze." Eti mjifunze!

Neno mamluki hakuna Mbongo asiyelijua. Tangu michezo ya shule za msingi watu wanalalamika kuhusu mwanafunzi wa darasa la sita mwenye ndevu. Tumezoea kulicheka. Lakini hebu lifikirieni vizuri. Mamluki mbali na kumdanganya mpinzani anaiba dakika. Mechi moja ina dakika 40. Nafasi uwanjani ni tano. Kila dakika anayocheza mtu wa miaka 31 mwenye kitambulisho cha bandia ni dakika ambayo dogo wa mwaka wa kwanza hakukosea. Na asipokosea leo, kosa hilo atalifanya lini? Akiwa na miaka 25, ameshapewa mkataba, watu wamelipa kiingilio?

Dakika za uwanjani haziuzwi Kariakoo. Hakuna mahali pa kuzipata zaidi ya uwanjani, na zinalipiwa kwa kufungwa.

Halafu chuo ni mahali pa kujifunza, au maana imebadilika? Mwanafunzi wa uhasibu akipata sapu, chuo kinamkodia mhasibu wa benki amfanyie mtihani? Anarudia, anakesha, anafaulu. Kwa nini kwenye kikapu iwe aibu mpaka chuo kizima kikubali kusema uongo?

KWA WANAOBISHA: MUULIZENI HASHEEM

Tuje kwa mtu ambaye kila Mbongo anayeshika mpira wa kikapu amemsikia. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1987, urefu zaidi ya mita 2.2. Alianza kikapu akiwa tayari ni kijana, sio mtoto aliyekua na mpira mkononi. Akaenda Marekani, akamalizia sekondari huko, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, kile kinachoitwa UConn.

Sasa angalieni alikuta nini. UConn ilikuwa imeondokewa vile vile. Juni 2006 wachezaji wake watano walichaguliwa NBA siku moja, wanne kati yao raundi ya kwanza. Timu ikabaki tupu. Kocha Jim Calhoun, ambaye alishachukua ubingwa wa taifa mara mbili, 1999 na 2004, akajikuta na madogo wanane wa mwaka wa kwanza.

Walianza kwa kushinda mechi 11 mfululizo, maana ratiba ya mwanzo ilikuwa laini. Kisha ligi yenyewe ikaanza, na ukweli ukaja. Walimaliza msimu wakiwa wameshinda 17 na kufungwa 14. Hesabu ni rahisi: baada ya zile 11, walishinda 6 tu kati ya 20. Machi 2007 hawakualikwa hata kwenye mashindano makubwa ya NCAA. Chuo chenye vikombe viwili kikakaa nyumbani kuangalia wenzake kwenye televisheni. Hasheem mwenyewe msimu ule alikuwa na wastani wa pointi 6.2 kwa mechi. Mkali wa kuzuia, ndiyo, lakini kwenye kufunga bado mguu ulikuwa unatafuta sakafu.

Kumbukeni Calhoun hakuwa mtu wa kubembeleza. Yule mzee alikuwa anafoka mpaka mishipa inamsimama. Lakini alifoka huku madogo wakiwa uwanjani. Hakuwatoa.

Mwaka uliofuata, ushindi 24, vipigo 9. Wakaingia NCAA, wakatolewa mechi ya kwanza na San Diego, 70 kwa 69, dakika za nyongeza. Pointi moja! Timu ambayo watu hawakuipa nafasi. Hiyo nayo ilikuwa klipu nzuri ya kuchekea.

Mwaka wa tatu, 2009: ushindi 31, vipigo 5. Wakafika nne bora ya taifa kule Detroit, wakatolewa na Michigan State. Baadhi ya wale madogo wanane wa mwaka ule wa aibu bado walikuwepo. Hasheem alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Juni mwaka huo Memphis Grizzlies wakamchagua namba 2 NBA, nyuma ya Blake Griffin peke yake. James Harden alikuwa wa 3. Stephen Curry wa 7.

Na huyo Curry mnayevaa jezi yake, mnajua alianzaje? Novemba 2006, miezi ile ile Hasheem anaanza chuo, Curry alikuwa dogo wa miaka 18 kwenye chuo kidogo kinachoitwa Davidson. Mechi yake ya kwanza kabisa ya chuo alipoteza mpira mara 13. Kumi na tatu, mechi moja! Angekuwa Bongo siku hizi, asubuhi angeamka ni stika. Kocha wake, Bob McKillop, kesho yake akamwanzisha tena. Curry akafunga pointi 32.

Fikiria kama McKillop angesikiliza kelele. Fikiria kama Davidson wangekwenda kitaani kukodi jamaa mwenye ndevu akae nafasi ya yule dogo mwenye sura ya mtoto.

"LAKINI HASHEEM SI ALIFELI?"

Hapo sasa kuna mtu tayari ameshaandika. Eti Hasheem si alifeli NBA? Ni kweli kule Marekani wengi bado wanamweka kwenye orodha ya waliochaguliwa juu wakashindwa kung'ara. Msimu wake wa kwanza tu Memphis walimshusha ligi ya chini kwenda kucheza. Baadaye akazunguka timu kadhaa mpaka 2014.

Lakini tazameni vizuri hiyo hadithi, maana inawapinga nyie nyie. Alipopewa dakika na miaka mitatu ya kukosea, mtu aliyechelewa kuanza mpira akawa namba 2 kati ya vijana wote waliotaka kuingia NBA mwaka ule. Alipofika mahali ambapo mtu anatakiwa awe ameiva siku hiyo hiyo, mambo yakawa magumu. Kwa hiyo somo ni lipi? Apewe muda zaidi, au kidogo zaidi?

Na hata huko "kufeli" kwenyewe, ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wanaomcheka wengi hawajawahi kucheza hata mechi za mtaa kwa mtaa.

"MICHEZO NI UANAUME, ASIYETAKA KUCHEKWA AKALALE"

Hoja nyingine hiyo, na ina wafuasi. Wanasema hata mastaa wa Simba na Yanga wanachambwa kila wiki, kwa nini hawa walindwe kama mayai?

Jibu ni fupi. Wale wanalipwa mshahara. Huyu dogo halipwi hata mia. Anaishi kwa boom, na boom likichelewa anaishi kwa wali maharage wa kukopa kwa mama ntilie. Anatoka kipindi cha jioni, anapanda daladala mbili kwenda mazoezini, anarudi hosteli saa nne usiku, kesho asubuhi ana testi. Raba alizovaa kwenye klipu ni za kuazima, na wenzake wanajua ni za nani. Mshahara wake peke yake ni ile raha ya kucheza. Mkimtoa hiyo mmemtoa kila kitu.

Tena kukosoa hakujakatazwa. Semeni kiwiko chake kinatoka nje anaporusha. Semeni hapigi magoti. Semeni kocha alitakiwa kuomba mapumziko mapema. Hiyo ni faida kwake, atakwenda kurekebisha. Lakini "urefu wa hasara" anairekebishaje? Ajikate miguu?

NA MADOGO NAO WAAMBIWE

Isije ikaonekana madogo ni malaika. Kuna wanaofika mazoezini wamechelewa nusu saa lakini video ya kujirekodi wakipiga danki ilishapanda asubuhi. Kuna aliyegombana na mchezesha timu katikati ya mechi kwa sababu hapewi mpira, na kumbe demu wake alikuwa jukwaani. Kuna waliokwenda klabu usiku wa kuamkia mechi ya tatu, ndo maana pumzi ilikata.

Hayo yote ni kukua. Na dawa yake ipo, ya zamani tu: samaki mkunje angali mbichi. Kocha amweke nje robo nzima yule wa kuchelewa. Amkimbize ngazi yule wa klabu. Awakalishe wawili wanaogombana wale chipsi sahani moja mpaka waelewane. Lakini kumkunja samaki ni tofauti na kumtupa jalalani na kununua wa jana kwa jirani.

KINACHOTAKIWA SASA

Ligi haijaisha. Chuo kile kina mechi tena Jumamosi, na jina la dogo wa klipu bado liko kwenye orodha, kwa sasa. Wenzake wawili walimfuata mpaka chumbani wiki iliyopita. Inasemekana alifungua mlango, akawasikiliza, akauliza kitu kimoja tu: "Mnasema nirudi, nirudi kwenye jezi ipi?" Maana habari zilishamfikia. Mmoja wa wale mamluki ameshapimishwa jezi namba 14. Jezi yake.

Kiongozi wa michezo, hilo ndilo swali la kujibu. Hela ya kuwalipa hao majamaa wanne ipo, kumbe? Basi inunue mipira, maana timu nzima inafanya mazoezi na mipira mitatu, mmoja umepasuka ngozi. Iwape madogo maji na chakula baada ya mazoezi. Imlipe kocha nauli anayodai tangu muhula uliopita. Kama hela hiyo imetafutwa ili mtu aonekane ameshinda kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka, basi wanafunzi wajue mchezo unaochezwa pale sio kikapu.

Staa wetu wa maneno matatu naye ana kazi. Alipotoa wimbo wake wa kwanza watu wa redio walimwambia akatafute kazi nyingine, na hadithi hiyo anaisimulia mwenyewe kwenye kila intavyuu huku akijifuta machozi. Alipewa wimbo wa pili. Jumamosi aende uwanjani, akae mechi nzima, halafu aposti anachotaka.

Na nyie mliosambaza stika, kiingilio cha mechi hizi hakizidi bei ya bando mlilotumia kumcheka. Nendeni mkaone. Mtaona pasi mbovu, mtaona watu wanagongana wenyewe kwa wenyewe, pengine mtaona timu inafungwa tena. Waacheni wafungwe. Mwakani, na mwaka unaofuata, hao hao ndo watakuwa watu wa mwaka wa tatu wanaopeana pasi bila kuangaliana, na kuna dogo mwingine mwembamba atakuja kutoka UMISSETA akiwaangalia wao.

Isipokuwa kama jezi namba 14 itakuwa imevaliwa na baba wa watoto wawili ambaye hajui hata maktaba ya chuo iko jengo gani.

Wadau, mnasemaje? Madogo waachwe wakosee, au mamluki waingie? Na wewe uliyetuma ile stika kwa mama wa watu mkoani, kama unasoma hapa, una namba yake. Mpigie, mwombe radhi.